Utambuzi wa Hitilafu na Utunzaji wa Kitovu cha Gurudumu la Baiskeli katika Masasi na Newala: Mlinganisho na Rili ya Uvuvi ya Mhimili Mmoja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutambua na kurekebisha hitilafu za kitovu cha gurudumu la baiskeli, chombo kinachobeba mizigo midogo katika wilaya za Masasi na Newala. Ufafanuzi unafanywa kwa kukilinganisha kitovu hicho na rili ya uvuvi inayozunguka juu ya mhimili mmoja, kwa kuwa vyombo hivi viwili vina muundo wa aina moja. Hoja kuu ni kwamba gurudumu kuzunguka kwa muda mrefu si ushahidi kuwa ni zima, na kwamba vitenzi vinne vya Kiswahili, yaani kulegea, kukaza, kusaga na kuyumba, vikitumiwa kwa uangalifu, vinatosha kumwongoza fundi kwenye chanzo cha hitilafu kabla hajashika spana.

1.0 Utangulizi

Uwanda wa juu wa Makonde una udongo wenye mchanga mwingi. Maji ya mvua hupenya haraka hadi chini, na kwa sababu hiyo vijito vya juu ya ardhi ni haba. Mji wa Newala uko ukingoni mwa uwanda huo, ukitazama bonde la mto Ruvuma, ilhali Masasi iko upande wa magharibi, katika nchi ya chini yenye vilima vya miamba. Kwa vizazi vingi wakazi wa uwandani wamekuwa wakiteremka mabondeni kufuata maji, na hata baada ya mradi wa maji wa Makonde kuanzishwa katika miaka ya 1950, dumu la maji bado ni mzigo wa kila siku kwa kaya nyingi.

Baiskeli imeingia katika kazi hiyo, na katika msimu wa korosho hubeba magunia pia. Madumu manne ya lita 20 yana uzito wa kilo 80 za maji peke yake, na uzito huo hukaa karibu wote juu ya gurudumu la nyuma. Kitovu kikiharibika kwenye mteremko, hasara haiishii kwenye kipuri. Gurudumu lililolegea huhamisha ringi kutoka mahali pake, vipande vya breki havikamati sawasawa, na mwendeshaji aliyebeba kilo 80 nyuma yake hana namna nyepesi ya kusimama.

2.0 Muundo wa vyombo viwili

Nottingham, mji wa Uingereza ulio kando ya mto Trent, una nafasi katika historia ya vyombo vyote viwili. Ndiko ilikoanzia kampuni ya baiskeli ya Raleigh katika miaka ya 1880, ambayo baiskeli zake zilienea katika makoloni ya Uingereza, Tanganyika ikiwamo. Mji huohuo ulitoa jina la rili ya Nottingham, ambayo awali ilitengenezwa kwa mbao. Rili hii ni kigurudumu cha kukunjia mshipi kinachozunguka juu ya mhimili mmoja uliosimama imara. Mvuvi huacha chelezo kichukuliwe na mkondo wa maji, nacho huvuta mshipi na kukizungusha kigurudumu taratibu. Rili haina meno ya kuongeza mwendo. Mzunguko mmoja wa mkono ni mzunguko mmoja wa kigurudumu.

Kitovu cha baiskeli kimejengwa kwa wazo hilohilo. Ekseli imefungwa kwenye uma na haizunguki. Kitovu ndicho kinachozunguka. Kila upande wa kitovu kuna kikombe cha chuma, ndani yake gololi, na juu ya ekseli kuna koni inayozibana gololi hizo dhidi ya kikombe. Koni hushikiliwa na nati ya kufungia. Kwa kawaida kitovu cha mbele huwa na gololi 10 kila upande, zenye kipenyo cha sehemu 3 za 16 za inchi, na cha nyuma huwa na gololi 9 kila upande zenye kipenyo cha robo inchi. Gololi za nyuma ni kubwa kwa sababu mzigo wa nyuma ni mkubwa.

Tofauti ya vyombo hivi imo katika nguvu inayotenda kazi. Rili husukumwa na nguvu ndogo mno ya mkondo, hivyo adui yake ni ukinzani wa mwanzo. Kwa hiyo huhitaji tone moja la oili nyepesi, kama ile ya cherehani. Grisi nzito hukizuia kigurudumu kuanza kuzunguka. Kitovu hubeba uzito mkubwa vumbini, hivyo adui zake ni mgandamizo na mchanga. Kwa hiyo huhitaji grisi, ambayo hubaki mahali pake chini ya mzigo na pia huziba njia ya vumbi. Anayetia oili nyepesi kwenye kitovu ili “kiteleze” anakitunza kama rili. Kitateleza kwa siku chache, kisha oili itatiririka nje na mchanga utachukua nafasi yake.

3.0 Kwa nini mzunguko mrefu hauthibitishi uzima

Kipimo kinachotumiwa mara nyingi ni kuinua gurudumu, kulizungusha kwa nguvu na kutazama litasimama lini. Kipimo hiki hupotosha. Gurudumu lenye ringi na tairi nzito huhifadhi nguvu nyingi ya mwendo, na nguvu hiyo huweza kuficha mikwaruzo ndani ya kitovu. Wavuvi wa rili wanakabiliwa na kosa hilohilo: rili iliyopigwa kwa kiganja inaweza kuzunguka kwa muda mrefu, lakini ikashindwa kuanza kuzunguka yenyewe pale chelezo kinapovutwa na maji ya polepole.

Kipimo bora ni cha mwendo mdogo. Gurudumu la mbele liinuliwe na vipande vya breki visiguse ringi. Sehemu nzito ya gurudumu, ambayo mara nyingi ni ile yenye vali, iwekwe usawa wa ekseli, kisha iachwe bila kusukumwa. Gurudumu zima litaiteremsha sehemu hiyo hadi chini, litabembea huku na huku, na kila mbembeo utakuwa mfupi kuliko uliotangulia hadi litulie. Likisimama ghafla katikati ya mbembeo, au likibaki pale lilipoachwa ingawa lina upande mzito, kuna ukinzani ndani. Kwa gurudumu la nyuma, mnyororo hauna budi kuondolewa kwanza.

4.0 Vitenzi vinne na hitilafu nne

Neno “bovu” halimsaidii fundi, kwa kuwa linataja hali bila kutaja sababu. Vitenzi vinne vifuatavyo vinatenganisha hitilafu ambazo huchanganywa mara kwa mara.

Kulegea. Shika ringi karibu na uma, uisukume kushoto na kulia. Ikicheza na kugonga, na mchezo huo ukawa uleule popote gurudumu linapogeuzwa, koni zimeachana na gololi. Kabla ya kuzikaza, hakikisha nati za uma zenyewe hazijalegea, kwani dalili zinafanana.

Kukaza. Gurudumu halibembei, na ekseli iliyotolewa kwenye uma huzunguka kwa uzito katika vidole. Mara nyingi koni ilirekebishwa vizuri, kisha nati ya kufungia ilipokazwa ikaisukuma ndani. Kukaza kupita kiasi kuna madhara kuliko kulegea kidogo, kwa sababu hakuonekani kwa macho na huendelea kula chuma kila gurudumu linapozunguka.

Kusaga. Ekseli ikizungushwa polepole kwa vidole, huhisiwa kama kuna chembechembe ndani. Huenda ni mchanga tu, na huenda ni vishimo vilivyochimbika kwenye koni. Mambo haya hayawezi kutofautishwa bila kukifungua kitovu. Kusaga kukiisha baada ya kusafisha, ulikuwa mchanga. Kusipoisha, chuma kimekwisha kuliwa.

Kuyumba. Ringi huenda upande mmoja kila inapofika mahali fulani. Ikiwa haichezi inaposukumwa kwa mkono, kitovu hakijalegea. Angalia spoki, kisha toa gurudumu na uzungushe ekseli ukitazama ncha zake. Ncha zikichora duara, ekseli imepinda. Katika baiskeli nyingi za mizigo ekseli ya nyuma hupindia upande wa mnyororo, kwa sababu meno ya mnyororo huchukua nafasi kubwa na kikombe cha upande huo hukaa mbali na uma. Sehemu hiyo ndefu ya ekseli hubaki bila egemeo chini ya mzigo.

5.0 Utaratibu wa matunzo

Mpangilio wa hatua una uzito sawa na hatua zenyewe. Kukaza koni kabla ya kusafisha ni kuubana mchanga kati ya gololi na chuma. Grisi iliyochanganyika na mchanga hufanya kazi ya msasa, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyokata.

Kwanza, kitovu kifunguliwe juu ya kitambaa au sinia, ili gololi zisipotee, na zihesabiwe kwa kila upande. Kumimina mafuta ya taa kutokea nje bila kufungua hakufai, kwani huyeyusha grisi na kuupeleka mchanga ndani zaidi. Pili, vikombe, koni na gololi vioshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa kabisa. Tatu, koni zichunguzwe mwangani. Alama nyororo ya duara ni ya kawaida. Vishimo ni sababu ya kununua koni mpya. Koni hubadilishwa kwa urahisi kuliko vikombe, hivyo anayeahirisha kununua koni huhatarisha kitovu kizima.

Nne, gololi zikibadilishwa, zibadilishwe zote. Gololi moja mpya miongoni mwa zilizolika huwa kubwa kuliko wenzake, na hubeba peke yake mzigo uliopaswa kugawanywa. Tano, vikombe vijazwe grisi safi na gololi zipangwe ndani yake bila kushindiliwa. Sita, koni ikazwe kwa vidole hadi iguse gololi, irudishwe kidogo, kisha ishikwe kwa spana moja huku nati ya kufungia ikikazwa kwa nyingine. Baada ya hapo vipimo vya kulegea na kukaza virudiwe, kwa sababu nati huibadilisha nafasi ya koni. Huenda kazi hii ikahitaji kurudiwa mara mbili au tatu.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini haifai kuwa mbadala wa grisi. Ina vumbi la chuma, hutiririka haraka na hunasa vumbi la njia. Baadhi ya vitovu vya zamani vya Kiingereza vina kitundu cha kutilia oili. Kitundu hicho kilikusudiwa oili safi, na kifuniko chake kikipotea huwa mlango wa mchanga.

Kuhusu wakati, mvua na vumbi ndivyo vinavyofaa kuwa kalenda. Kitovu kifunguliwe mvua za masika zinapokwisha, maji yakiwa yameingia, na kifunguliwe tena kabla ya msimu wa korosho, mzigo ukiwa unakaribia kuongezeka. Baiskeli ya maji inayofanya kazi kila siku mchangani inastahili zaidi ya hapo.

6.0 Hitimisho

Mlinganisho na rili umeonesha kwamba vyombo viwili vyenye muundo mmoja vinaweza kuhitaji matunzo yanayopingana. Kinachoamua matunzo ni mzigo na mazingira: rili hutunzwa ili ianze kwa urahisi, kitovu hutunzwa ili kidumu chini ya uzito. Aidha, utambuzi hutegemea lugha kabla ya kutegemea zana. Mteja anayesema gurudumu “linasaga” amekwishampa fundi nusu ya jibu, na fundi anayeuliza “linasaga au limekaza?” amempunguzia mteja gharama ya kipuri asichokihitaji. Maneno hayo yamo tayari katika Kiswahili cha kila siku. Kinachohitajika katika mafunzo ya ufundi ni kuyapa mipaka ya maana iliyo thabiti, na kila neno lifungamanishwe na kipimo chake.