Mshauri wa Muuzaji: Dyer & Blair na Wanahisa Wadogo wa Meru na Embu

Dyer & Blair, iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1954, mwaka uleule wa kuundwa kwa Soko la Hisa la Nairobi, ilianza kazi ikiwa dalali wa hisa, yaani kampuni inayonunua na kuuza hisa kwa niaba ya wateja na kulipwa kamisheni; na baada ya kununuliwa na Jimnah Mbaru mwaka wa 1983 ilikua hadi ikawa benki ya uwekezaji. Benki ya aina hii haipokei amana za wananchi, bali huuza ushauri: hukadiria thamani ya kampuni, hupendekeza bei ya hisa zake, huandaa waraka unaoeleza hesabu na hatari zake, kisha hutafuta wanunuzi.

Kwa miongo mingi mkulima wa chai wa Imenti, Meru, au wa kahawa wa Runyenjes, Embu, ambaye akiba yake ilipitia chama cha ushirika, hakuhitaji kujua kwamba shughuli hiyo ipo. Mambo yalibadilika mwaka wa 2006, serikali ilipouza asilimia 30 ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ambayo mabwawa yake ya Mto Tana, kama Kamburu, Gitaru na Kiambere, yamepakana na nchi ya Wambeere, huko Embu. Hisa iliyouzwa kwa shilingi 11.90 ilifika shilingi 40 siku ya kwanza sokoni. Walioipata walishangilia, ingawa faida hiyo ilimaanisha pia kwamba umma, ambao ndio uliokuwa muuzaji, ulikuwa umeuza mali yake kwa bei ya chini mno.

Matumaini hayo ndiyo yaliyowapanga watu foleni mwaka wa 2008, zilipotolewa hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, Dyer & Blair na benki ya Marekani ya Morgan Stanley zikiwa miongoni mwa washauri. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara nne, kwa hiyo wengi walipewa sehemu tu ya walichoomba na kurudishiwa fedha zilizobaki, jambo lililowaumiza hasa waliokuwa wamekopa benki na kuanza kulipa riba. Na kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 5 walizolipa. Ni kweli kwamba waliovumilia waliiona ikivuka shilingi 40 mwaka wa 2021, lakini mwenye deni hana nafasi ya kungoja miaka 13.

Mwezi Machi mwaka huohuo wa 2008, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliiweka Nyaga Stockbrokers, kampuni ya udalali wa hisa, chini ya msimamizi, na mfuko wa fidia uliweza kumlipa kila mteja kiasi kisichozidi shilingi 50,000, hata kama hisa zake zilizopotea zilikuwa na thamani kubwa zaidi. Hapo tofauti ambayo matangazo hayakuitaja ilidhihirika: dalali hushika mali ya mnunuzi, ilhali mshauri wa mauzo huajiriwa na kulipwa na muuzaji, na uaminifu wake wa kwanza uko huko. Katika vyama vya akiba na mikopo kama Winas ya Embu na Capital ya Meru, ambavyo tangu sheria ya mwaka wa 2008 husimamiwa na mamlaka maalumu, mwanachama ni mwenye mali na mteja kwa pamoja, naye hupiga kura katika mkutano mkuu. Mnunuzi mdogo wa hisa za Safaricom hakuwa na mtu aliyelipwa kumshauri yeye.