Milima ya Masisi: mgeni atakula nini, atakunywa nini?

Anayepanda kutoka Goma kwenda Masisi atakuta kwenye meza chakula cha kila siku: bugali, sombe, maharagi na viazi. Lakini wageni wanauliza zaidi juu ya vitu viwili: fromaji na kasiksi.

Fromaji, ama jibini, ilianzishwa na mapadri Wabelgiji. Wafugaji waliishika kwa sababu barabara ni mbaya: maziwa mabichi yanaharibika kabla ya kufika sokoni, lakini fromaji inakaa siku nyingi kwenye mbao, kisha inateremka Goma bila shida. Ndiyo maana ng'ombe wakiporwa na watu wenye silaha, familia inapoteza maziwa, fromaji na pesa ya shule kwa mara moja.

Kasiksi inatoka kwa ndizi za pombe. Zinaivishwa ndani ya shimo, kisha zinakamuliwa pamoja na majani. Maji yake matamu yanaitwa mutobe, hata mtoto anakunywa. Wakitia unga wa mtama uliokaangwa na kuyaacha siku moja ama mbili, yanakuwa kasiksi. Haikai: siku chache tu, inachacha.

Lakini kanyanga siyo kasiksi. Hiyo ni pombe kali inayochemshwa, na nguvu yake haipimwi. Ikitengenezwa vibaya inaweza kupofusha, hata kuua. Mgeni akipewa kikombe, aulize kwanza: "Hii ni kasiksi ama kanyanga?" Kuuliza hivyo si kumkosea heshima mwenye nyumba.