Jicho la Bandia: Jambo Ambalo Wahudumu wa Afya wa Kesho Wanapaswa Kulijua



Katika kazi ya diakonia hapa Inyonga, wilayani Mlele, tumekuwa tukizungumza na wanafunzi wa uuguzi na uganga wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Malaria na lishe wanazifahamu vizuri. Tukiwauliza kuhusu jicho la bandia, wengi hudhani ni gololi inayosukumwa ndani ya tundu, na wengine huuliza kama linaona. Wapo pia wanaosema ni urembo tu, tena wa gharama. Hapo hatukubaliani nao.

Jicho la bandia halioni. Ni gamba jembamba la plastiki ngumu iitwayo akriliki, lililopakwa rangi lifanane na jicho la pili, nalo hukaa nyuma ya kope. Zamani yalikuwa ya kioo kutoka Ujerumani. Vita Kuu ya Pili ilipokata biashara hiyo, mafundi wa meno wa jeshi la Marekani wakayatengeneza kwa akriliki ya meno ya bandia. Jicho likiondolewa, husubiriwa wiki 6 hadi 8 kidonda kipone, ndipo vipimo vichukuliwe. Mtoto hubadilishiwa kadiri anavyokua, kwa maana tundu likiachwa tupu hubana, na mifupa ya uso upande huo huweza kudumaa.

Kwa nini tunalisemea sana? Saratani ya jicho ya watoto wadogo, retinoblastoma, mara nyingi huanza kwa weupe kwenye mboni, kama jicho la paka gizani. Ikiwahiwa kabla haijatoka nje ya jicho, kuliondoa jicho huokoa maisha. Lakini mzazi akisikia neno "kung'oa", humbeba mwanawe akarudi nyumbani au akaenda kwa mganga wa kienyeji, akihofia mtoto atabaki na shimo na kuchekwa. Muuguzi asiyejua kwamba uso waweza kurudishiwa umbo hana la kumjibu. Na saratani haisubiri mauzo ya tumbaku.

Kutoka Inyonga hadi idara ya macho ya KCMC, Moshi, ni safari ndefu, na mgonjwa hurudi huko zaidi ya mara moja. Tunaomba kila kamati ya usharika itenge fungu la nauli, na wafadhili watusaidie kupata macho ya mfano ambayo wanafunzi watayashika kwa mikono yao.