Kumfundisha mtoto kuandika kwa hoja

Mtoto wa Lubumbashi mwenye miaka 10 hujua kupatana bei sokoni kabla hajajua kuandika barua. Lakini akitakiwa kumwomba mkurugenzi wa shule afungue bomba la maji wakati wa mapumziko, huandika: «Tafadhali, tunasikia kiu.» Hilo ni ombi, si hoja.

Hoja huanzia kwa msomaji. Mwalimu na amwulize mtoto: mkurugenzi anajali nini? Ndipo atakapoandika kwamba wanafunzi hutoka nje kutafuta maji, wakachelewa darasani. Tena: atakataa kwa sababu gani? Pengine maji yatamwagika bure. Basi mtoto apendekeze wanafunzi wawili walinde bomba kwa zamu.

Mazungumzo hayo yafanywe kwa Kiswahili, hata kama barua itaandikwa kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha za taifa nafasi katika shule za msingi. Mtoto anayetafuta sababu na maneno ya kigeni kwa wakati mmoja hukosa yote mawili. Aliyekwisha kupanga sababu zake hubakiwa na kazi moja tu.