Saruji na Chokaa: Istilah Mbili Zisichanganywe

Neno saruji asili yake ni Kiajemi, na katika lugha hiyo lilitaja mchanganyiko wenye chokaa. Siku hizi Kiswahili hulitumia kwa unga wa kiwandani ambao, ukishaganda, haupitishi unyevu kwa urahisi. Tofauti hii si ya kamusi tu. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ukutani, chumvi humong'onyoa mawe, na ncha za boriti huoza. Kwa hiyo tunapendekeza mikataba ya ukarabati itaje wazi "chokaa ya kujengea" na "lipu ya chokaa", na neno saruji libakie kwa unga wa kiwandani peke yake.