Mishipa ya Damu ya Retina kwa Watu Wenye Magonjwa ya Akili: Ufafanuzi na Mipaka ya Matumizi Yake katika Mazingira ya Bigwa, Morogoro

1.0 Utangulizi

Kata ya Bigwa ipo chini ya Milima ya Uluguru, katika Manispaa ya Morogoro, inapoanzia barabara iendayo Matombo, Mvuha na Kisaki. Mkoa wa Morogoro una nafasi ya pekee katika historia ya afya ya akili nchini. Katika miaka ya 1980, mkoa huu pamoja na Kilimanjaro ulikuwa eneo la majaribio la programu ya taifa iliyolenga kuifikisha huduma ya afya ya akili katika vituo vya afya na zahanati, badala ya kutegemea hospitali kubwa kama Mirembe ya Dodoma. Hata hivyo, hadi leo utambuzi wa magonjwa haya hutegemea mahojiano na uchunguzi wa tabia. Hakuna kipimo cha damu wala picha kinachothibitisha skizofrenia. Ndiyo maana taarifa kwamba mishipa ya damu ya jicho hutofautiana kwa baadhi ya wagonjwa imeamsha matumaini. Makala haya yanafafanua msingi wa taarifa hizo na kubainisha kuwa, kwa mazingira kama ya Bigwa, manufaa yake kwa sasa yamo katika kuulinda mwili wa mgonjwa, si katika kuutambua ugonjwa wa akili.

2.0 Uhusiano wa Retina na Ubongo

Retina ni utando wa neva uliotanda nyuma ya jicho. Mimba inapokua, utando huo huchipuka kutoka sehemu ileile inayofanyika kuwa ubongo. Mishipa yake midogo hufanana na ya ubongo kwa umbile, na ina kizuizi kama kile kinachochuja vitu vinavyotoka katika damu kuingia kwenye ubongo. Tofauti ni kwamba mishipa ya retina huonekana bila upasuaji: kamera maalumu huipiga picha kupitia mboni kwa dakika chache. Kisha programu ya kompyuta hupima ateri sita na vena sita zilizo pana zaidi katika eneo linalozunguka kichwa cha neva ya jicho, na kutoa kadirio moja la upana kwa kila aina.

3.0 Matokeo ya Tafiti

Utafiti unaorejelewa mara nyingi ni wa Madeline Meier na wenzake (2013), uliotumia kundi la watu 1,037 waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973. Walipofikia umri wa miaka 38, washiriki waliokuwa na skizofrenia walionekana kuwa na vena pana zaidi za retina. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya maradhi mengine ya mwili kuzingatiwa katika uchanganuzi. Aidha, upana huo ulihusiana na dalili za saikosisi zilizoripotiwa utotoni. Watafiti walihusisha matokeo hayo na uwezekano wa ubongo kutopata oksijeni ya kutosha.

4.0 Mipaka ya Matokeo

Kwanza, tofauti hiyo ni ya wastani wa makundi. Vipimo vya wagonjwa na vya watu wazima wa afya hupishana kwa kiasi kikubwa, hivyo picha ya mtu mmoja haiwezi kuamua kama ana ugonjwa wa akili.

Pili, vena hupanuka pia kwa uvutaji wa sigara na unene uliokithiri, na ateri hupungua upana kwa shinikizo la juu la damu. Kwa Morogoro, malaria kali na selimundu ni lazima zizingatiwe pia, kwani zote huathiri mishipa ya retina.

Tatu, vigezo vya kulinganishia vimetokana zaidi na jamii za nje ya Afrika. Nchini Marekani, vipimo vya watu weusi vimeonekana kuwa vipana kuliko vya weupe. Vigezo vya kigeni vikitumiwa bila marekebisho, mkazi wa Bigwa mwenye afya njema anaweza kuhesabiwa miongoni mwa wagonjwa. Kosa hilo si la takwimu tu: katika jamii ambamo jina la ukichaa humfuata mtu hadi katika ndoa na urithi, humgharimu maisha yake yote.

5.0 Manufaa kwa Mgonjwa

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na maradhi ya mwili. Baadhi ya dawa za saikosisi, kama vile olanzapini, huongeza uzito na sukari katika damu. Picha ya retina, ambayo tayari hutumika nchini kuchunguza madhara ya kisukari, inaweza kufichua uharibifu wa mishipa kabla uoni haujapotea. Hata hivyo, mgonjwa wa akili analalamikapo kwamba haoni vizuri, malalamiko yake huweza kuchukuliwa kuwa sehemu ya ugonjwa wake. Mtu anayesafiri kutoka Matombo kufuata dawa mjini anastahili kupimwa shinikizo la damu, sukari na macho katika safari hiyohiyo.

6.0 Hitimisho

Mabadiliko ya mishipa ya retina ni dirisha la kitafiti lenye thamani, lakini si hukumu juu ya akili ya mtu. Utafiti utakaofanyika Morogoro hauna budi kuanza kwa kupima watu wenye afya wa eneo hilo, ili upatikane msingi halali wa ulinganisho. Wakati msingi huo ukisubiriwa, kamera ya retina itumike kwa kazi ambayo uwezo wake umekwisha kuthibitishwa: kuwakinga wagonjwa wa akili dhidi ya upofu unaozuilika.