Kishazi tegemezi kinapopita bila kuulizwa

Kishazi ni tungo yenye kitenzi, na ndani yake mtu aweza kusema jambo zima. Ukisema "njia ya misafara", bado hujasema kitu. Ukisema "msafara umefika", umekwisha kusema, na mwenzako anaweza kujibu: kweli, au si kweli. Katika Kiswahili hata neno moja latosha: "Wamefika."

Hicho ni kishazi huru. Kishazi tegemezi, kama vile "waliofika", nacho kina kitenzi, lakini kikitamkwa peke yake msikilizaji hubaki akingoja. Masomo ya sarufi huishia hapo mara nyingi. Sisi tunaosoma mantiki tunaona kuna la zaidi, na kwetu Itetemia, Tabora, mfano wake haupo mbali.

Tuchukue sentensi ya aina inayoandikwa sana katika madaftari ya historia: "Speke, aliyeligundua Ziwa Victoria, alipita Tabora." Tuikanushe: "Speke, aliyeligundua Ziwa Victoria, hakupita Tabora." Tulichokanusha ni kupita tu; kugundua kumebaki palepale. Tukiifanya swali ni vilevile: ujibu ndiyo, ujibu hapana, umekwisha kukubali kwamba aligundua.

Sasa tukifanye kishazi hicho kuwa huru: "Speke aliligundua Ziwa Victoria." Hapo mtu wa Mwanza atanyoosha mkono, na ana haki. Wasukuma na Wakerewe walivua samaki humo kabla Speke hajazaliwa. Tena wafanyabiashara Waarabu wa Kaze, ndiyo Tabora ya leo, ndio waliowaambia Burton na Speke kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa. Burton alibaki Kaze. Speke alikwenda, akalifikia Agosti 1858, akiwa na Sidi Mubarak Bombay. (Naye Bombay tumemweka kwenye kishazi tegemezi, alistahili kishazi chake.) "Alilifikia" tunakubali. "Aliligundua" inahitaji hoja.

Kwa hiyo tunapopima hoja ya mtu, tunachomoa kila kishazi cha namna hii na kukisimamisha peke yake. "Ambaye" huonekana upesi. Kirejeshi kilichojificha ndani ya kitenzi, kama -ye- katika "aliyeligundua", ndicho kinachotupita.

Si vishazi tegemezi vyote vilivyo hivyo. "Msafara ukifika, tutapika" haidai kwamba msafara utafika. Huenda tukalala njaa, na aliyesema hivyo hakudanganya.